Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Kompyuta ya Zamani na Waifai ya Leo

MAARIFA YA NYUMBANI

Mwezi huu tunajibu barua ambayo, ingawa imetoka kwa mtu mmoja, tunaamini inagusa nyumba nyingi miongoni mwetu. Ni nadra kukuta familia isiyokuwa na kompyuta ya zamani juu ya kabati, imefungwa katika kitambaa, haitumiki wala haitupwi.

Dada yetu mmoja anayeishi katika nyumba za ghorofa hapa Uingereza ametuandikia kwamba marehemu baba mkwe wake aliacha kompyuta mpakato iliyonunuliwa mwaka 2005. Katika miaka yake ya mwisho mzee alikuwa akiandika humo nasaba ya ukoo, majina ya watu na vijiji walivyotoka, pamoja na kuhifadhi picha za harusi na za misiba. Wanawe, ambao mmoja yuko Maskati, mwengine Unguja na mwengine Toronto, wote wanataka nakala. Kompyuta yenyewe inawaka vizuri. Tatizo ni kuwa tangu ilipoletwa ruta mpya nyumbani, kompyuta hiyo haikubali kuingia katika waifai. Mara hailioni jina la waifai, mara hulionesha kisha ikaandika kuwa haiwezi kuunganika. Fundi mmoja amemshauri aingie katika mipangilio ya ruta, aishushe kinga mpaka ile iitwayo WEP, au aliondoe kabisa neno la siri, "ili mashine ya mzee ipate kupita". Anauliza: je, nifanye hivyo?

Jibu letu ni fupi: la, usifanye. Hata hivyo jibu la "usifanye" peke yake halimfai mwenye haja. Kwa hivyo tutaeleza kwanza kwa nini ushauri ule una hatari, kisha kwa nini kompyuta inakataa, na mwisho njia za kufuata, moja baada ya moja, tukianzia ile iliyo nyepesi zaidi.

Waifai na lugha ya kinyume

Waifai ni redio. Ruta yako inatangaza, na kompyuta inasikiliza na kujibu. Mawimbi ya redio hayajui mpaka wa nyumba. Hupenya ukuta, hupenya dari, humfikia jirani wa juu na wa chini na mtu aliyeegesha gari barabarani. Kwa sababu hiyo haiwezekani kumzuia mtu asisikie. Kinachowezekana ni kuyafumba maneno ili anayesikia asielewe.

Waliokulia pwani wataikumbuka lugha ya kinyume. Watoto walipotaka kusema jambo mbele ya wakubwa walizipindua silabi, "sukari" ikawa "risuka" na "kalamu" ikawa "mukala". Siku ya kwanza bibi alikuwa hajui lolote. Lakini kwa kuwa kanuni ilikuwa ni ile ile moja kila siku, baada ya wiki bibi alikuwa akielewa kila neno, na pengine akijibu kwa kinyume hicho hicho. Udhaifu haukuwa katika ujanja wa watoto. Ulikuwa katika kurudiarudia: fumbo linalorudiwa mno humfundisha anayelisikiliza.

WEP ndiyo kinyume ya waifai. Ilitoka pamoja na kanuni za kwanza za waifai mwaka 1997. Katika utaratibu wake, kila kifurushi cha maneno kinachorushwa hewani hupewa nambari ya mwanzo yenye biti 24, na nambari hiyo hutumwa wazi. Biti 24 hutoa nambari 16,777,216 tu. Hesabu hiyo inaonekana kubwa, lakini ruta yenye kazi nyingi huweza kuzimaliza kwa saa chache na kuanza kuzirudia. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walionesha kuwa aina ya ufumbaji iliyotumiwa ndani ya WEP ina nyufa, na kwamba mwenye kusikiliza kwa subira ataupata ufunguo wenyewe. Haukupita muda programu za kufanya kazi hiyo zikawa zinapatikana bure. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, walionesha kuwa hata ule ufunguo mrefu wa WEP unaweza kufunguliwa kwa muda usiofika dakika moja.

Tusidhani kuwa hayo ni mambo ya maabara peke yake. Mwaka 2007 ilitangazwa Marekani kwamba kampuni ya maduka ya TJX imeibiwa nambari za kadi za benki zaidi ya milioni 45. Uchunguzi uliofanywa na ofisi ya faragha ya Kanada ulieleza kuwa kampuni ilikuwa bado inategemea WEP katika baadhi ya maduka, ikiwa njiani kuhamia kinga bora. Walichelewa kubadili kufuli, na wezi hawakuchelewa.

Sasa turudi nyumbani. Ni kweli kwamba kurasa za benki na za kutumia fedha siku hizi zina ufumbaji wao wenyewe, na mtu aliyeingia katika waifai yako hasomi hapo hapo nambari zako za siri. Ukweli huo lazima usemwe ili tusitishane. Hata hivyo aliyeingia ameingia. Anaweza kuzifikia printa, kamera za mlangoni na makabrasha ambayo kompyuta za nyumbani zimeyafungua kwa ajili ya kugawana. Picha za harusi ambazo bibi harusi hakuzikubali zitoke nje ya chumba cha wanawake zinaweza kuwa humo. Anaweza pia kuitumia intaneti yako kwa mambo ya haramu, na ikija barua ya kuuliza, itakuja kwa jina la anayelipia laini. Kumfungulia mlango wa nyumba nzima ili mashine moja ipite ni sawa na kubomoa ukuta kwa sababu kitanda hakienei mlangoni.

Makufuli manne na miaka yake

Ili kujua kompyuta yako iko upande gani, inafaa kuyajua makufuli manne ya waifai na umri wa kila moja.

La kwanza ni WEP, la mwaka 1997, ambalo tumekwisha kulieleza. Halifai kwa nyumba yoyote.

La pili ni WPA, lililotoka mwaka 2003. Hilo lilikuwa kiraka cha haraka. Lilibuniwa kwa makusudi ili kadi za zamani ziweze kulipata kwa kubadilishiwa programu tu, bila ya kununua kadi mpya. Ufumbaji wake huitwa TKIP. Limekwisha kuachwa, nalo tusilitegemee.

La tatu ni WPA2, la mwaka 2004, linalotumia ufumbaji uitwao AES. AES ina nguvu, lakini inahitaji kadi yenye uwezo wa kufanya hesabu hizo, na ndiyo maana kadi nyingi za mwanzo hazikuweza kulipokea. Tangu Machi 2006 kila chombo kipya kilichotaka kupewa alama ya Wi-Fi kililazimika kuwa na WPA2.

La nne ni WPA3, lililotoka mwaka 2018 na kuwa sharti la alama hiyo kuanzia Julai 2020. Faida yake kubwa ni kuwa hata mtu akinasa mazungumzo yenu hewani hawezi kwenda nayo kwake akakaa kubahatisha neno la siri usiku na mchana. Kila jaribio lazima alifanye mbele ya ruta, na ruta inamwona.

Kutokana na miaka hiyo tunapata kipimo chepesi. Kompyuta iliyonunuliwa kabla ya 2003 aghalabu haitoingia WPA2 kwa kadi yake yenyewe. Iliyonunuliwa baada ya 2006 ina uwezo huo, na ikikataa sababu itafutwe kwengine. Ya baina ya 2003 na 2006, kama hii ya marehemu mzee, iko katikati: huenda kadi inaweza, lakini programu zake hazijui. Kwa hivyo matumaini yapo.

Kabla ya yote: okoa kilichomo ndani

Dada yetu ametaja haja mbili kwa pamoja bila ya kuzitenganisha. Haja ya kwanza ni maandishi na picha za mzee. Haja ya pili ni kompyuta yenyewe kuingia katika intaneti. Ya kwanza haihitaji waifai hata kidogo, na ndiyo iliyo adhimu, kwa sababu diski ya miaka ishirini inaweza kufa asubuhi yoyote bila ya kuaga.

Basi kabla hujagusa mpangilio wowote, chukua flashi, ichomeke katika tundu la USB, na unakili kila kitu. Jihadhari na jambo moja: flashi kubwa za leo aghalabu hupangwa kwa mtindo uitwao exFAT, na Windows XP haikuzaliwa ikiujua mtindo huo. Ipange flashi upya kwa mtindo wa FAT32 katika kompyuta mpya kabla ya kuitumia. FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, lakini barua na picha hazifiki huko.

Ikiwa kompyuta haiwaki, usikate tamaa. Diski yake inaweza kutolewa na kuunganishwa na kompyuta nyengine kwa waya maalumu wa USB. Muulize muuzaji waya unaofaa, kwani diski za zamani zina meno ya IDE na za baadaye zina SATA, na waya wa moja hauingii nyengine. Ukishapata nakala, weka mbili, mahali pawili mbalimbali. Hapo nasaba ya ukoo imesalimika, na yatakayofuata ni ya kompyuta peke yake.

Kwa nini kompyuta haioni au haiingii

Dalili mbili alizozieleza dada yetu zina sababu mbalimbali, na ni muhimu kuzipambanua.

Ikiwa jina la waifai halionekani kabisa, kosa si la neno la siri. Kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni swichi: kompyuta nyingi za miaka ile zilikuwa na kitufe kidogo ubavuni au juu ya vibonye cha kuwasha na kuzima redio yake, nacho huzimika kwa kuguswa tu. La pili ni masafa. Ruta za leo hutangaza katika gigahezi 2.4, katika gigahezi 5, na baadhi yake katika gigahezi 6. Kadi zenye alama ya b au g husikia 2.4 tu. Ruta ikitangaza kwa 5 peke yake, kwa kadi hiyo ni kimya. La tatu ni chaneli, na hili linawahusu hasa wenye jamaa wengi nchi za mbali. Katika masafa ya 2.4, ruta za Ulaya huruhusiwa chaneli 1 mpaka 13, ilhali kompyuta zilizouzwa Marekani hutengenezwa kwa chaneli 1 mpaka 11. Kompyuta aliyokuletea shemeji kutoka Marekani haitoiona ruta ya hapa ikiwa imejipangia chaneli ya 12 au 13.

Ikiwa jina linaonekana lakini kuunganika kunakataa, hapo ni mambo ya kufuli. Kuingia katika WPA2 ni kama kupiga hodi. Kompyuta na ruta hubadilishana maneno mara nne, kila mmoja akimthibitishia mwenziwe kuwa analijua neno la siri bila ya kulitamka. Kompyuta ikiwa haijui adabu za hodi hiyo, au ikiwa ruta inadai WPA3 peke yake, itabaki mlangoni.

Hatua za kufuata

1. Itambue kadi. Katika Windows, fungua ukurasa unaoorodhesha vifaa vya kompyuta, utazame jina la kadi chini ya vifaa vya mtandao. Andika jina na nambari yake yote katika karatasi. Kompyuta nyingi zina kadi chini ya kifuniko kidogo upande wa tumbo, nayo imebandikwa jina lake.

2. Ipange ruta kwa adabu, si kwa unyonge. Ingia katika mipangilio ya ruta kwa anwani na neno la siri vilivyobandikwa chini yake. Hakikisha masafa ya 2.4 yamewashwa. Ikiwa ruta inayachanganya masafa yote chini ya jina moja, yatenganishe na uyape majina mawili. Chagua chaneli ya 1, 6 au 11. Katika kinga, chagua WPA2 yenye AES kwa masafa hayo ya 2.4. Mpangilio wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kwa kawaida huzikubali kompyuta za zamani, lakini zipo kadi zinazojikwaa hapo. Ukiona sehemu iliyoandikwa PMF imewekwa kuwa ya lazima, iweke kuwa ya hiari. Masafa ya 5 yaache na WPA3 yake kwa simu na kompyuta mpya.

3. Afadhali zaidi, tumia waifai ya wageni. Ruta nyingi za leo zina mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, uliotengwa na ule wa wenyeji. Ipe WPA2 yenye AES na neno lake la siri, kisha kompyuta ya zamani iingie huko. Mgeni hukaribishwa sebuleni, hapewi ufunguo wa chumba cha ndani. Kompyuta ya zamani ikipatwa na maradhi, haitoyaambukiza kwa wepesi kwa vyombo vya wenyeji.

4. Itazame programu ya kompyuta. Windows XP ya mwanzo haikuijua WPA2. Ilikuja kuongezewa mwaka 2005, na katika kifurushi cha tatu cha marekebisho cha mwaka 2008, kiitwacho SP3, ikawa imo. Pamoja na hayo draiva ya kadi nayo lazima iwe inajua AES, kwani programu kuu ikijua na draiva isijue, ni kama nahodha anayejua njia na usukani umevunjika. Tafuta draiva ya mwisho iliyotolewa na mtengenezaji wa kompyuta kwa nambari ile uliyoiandika, uipakue kwa kompyuta mpya, uihamishe kwa flashi.

5. Neno la siri. WPA2 hutaka herufi zisizopungua 8 wala kuzidi 63. Ruta hulichanganya neno hilo na jina la waifai mara 4,096 ili kupata ufunguo. Lakini mchanganyiko huo haumsaidii mtu aliyeweka jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Chagua maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, mfano wa chombo cha jikoni, mnyama, rangi na mji, uyaunganishe. Jirani asiyejua lugha hatoyabuni, na wewe hutoyasahau. Mfano huu usiuchukue kama ulivyo, tunga wako.

6. Ikiwa yote hayo yamekataa, wacha kadi ya ndani ipumzike. Kuna njia mbili rahisi. Ya kwanza ni waya. Kompyuta za miaka ile karibu zote zina tundu la waya wa mtandao, na waya haujui WEP wala WPA3: uuchomeke katika ruta na kazi imekwisha. Ikiwa ruta iko mbali, kuna vikuza waifai vyenye tundu la waya, ambavyo huingia katika waifai kwa kufuli la leo kisha vikaipa kompyuta mtandao kwa waya. Ya pili ni kadi ndogo ya nje inayochomekwa katika USB. Hii ina redio mpya na inajua WPA2. Kabla ya kulipa hakikisha kuwa boksi lake linaitaja programu iliyomo katika kompyuta yako, kwani kadi nyingi mpya hazina tena draiva za Windows za zamani. Kubadilisha kadi ya ndani nako kunawezekana, lakini zipo kompyuta ambazo programu yao ya kuamkia hukataa kadi isiyo katika orodha yao, kwa hivyo usinunue kabla ya kuuliza.

Kuingia si kufika

Tuseme kompyuta imeingia katika waifai. Huenda ukashangaa kuona kurasa bado hazifunguki. Kwanza itazame saa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo mfano wa sarafu inayoiwezesha kukumbuka tarehe. Betri hiyo ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni miaka ya nyuma, na kurasa zenye ulinzi hukataa kwa sababu vyeti vyao vinaonekana kana kwamba havijaanza kazi. Kuiweka saa sawa huondoa tatizo hilo. Pili, lugha ya ulinzi ya kurasa nayo imebadilika. Programu kubwa za kupitia kurasa ziliacha kuzikubali aina za zamani, TLS 1.0 na 1.1, tangu 2020, na tovuti nyingi zimefuata. Programu ya zamani ya kufungulia kurasa haiwezi tena kuzungumza na benki wala na barua pepe.

Hapa lazima tuseme wazi. Windows XP iliacha kurekebishwa na watengenezaji wake tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na hata Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye XP isipelekwe katika intaneti kwa kazi za fedha wala za siri, hata kama waifai yake ina kufuli bora la dunia. Ukuta mpya haufichi paa lililooza.

Dawa ipo, nayo ni kuiwekea kompyuta programu kuu ya Linux, inayopatikana bure. Upande wa waifai, Linux ina programu iitwayo wpa_supplicant, na kadi nyingi ambazo draiva zake za Windows zimeachwa bado zinatunzwa huko. Kadi nyengine zitahitaji faili dogo la ziada ili redio iamke. Kwanza jaribu kwa kuiwasha Linux kutoka katika flashi bila ya kugusa diski. Kadi ikiona waifai na kuingia, unajua kuwa itafanya kazi. Jambo la kuangalia ni prosesa. Matoleo mengi ya Linux yameacha kompyuta za biti 32, ingawa Debian 12 ya mwaka 2023 bado ilizitengenezea. Kompyuta zenye Core 2 Duo, iliyotoka 2006, ni za biti 64, na hizo zina nafasi kubwa zaidi.

Njia za mkato zisizofikisha

Wapo watakaokushauri ulifiche jina la waifai lisionekane. Hilo halimzuii mwizi, kwa sababu vyombo vyako wenyewe hulitaja jina hilo hewani kila vinapoingia. Wapo watakaosema uweke orodha ya nambari za kompyuta zinazoruhusiwa. Nambari hizo nazo husafiri wazi, na mtu huweza kuivaa nambari ya mwengine kama anavyovaa kofia. Na wapo watakaosema uchague WPA yenye TKIP kama njia ya kati. Mbali na udhaifu wake, kanuni za waifai mpya zinakataza mwendo wa kasi chini ya TKIP na WEP, kwa hivyo vyombo vitakavyopita kwa njia hiyo hurudishwa kwenye megabiti 54 kwa sekunde hata vikiwa vipya. Utakuwa umeudhoofisha ulinzi, na watoto watalalamika kuwa intaneti imekuwa nzito.

Na liko shauri la mwisho, la kuingia katika waifai ya jirani kwa kuwa yake haina neno la siri. Mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia. Ukitaka, piga hodi uombe. Na ukigundua kuwa waifai ya jirani mzee iko wazi au ina WEP, haki ya ujirani ni kumwambia, na pengine kumsaidia kuifunga.

Wakipelekewa walioko nyumbani

Wengi wetu hupeleka kompyuta za zamani kwa jamaa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako aghalabu intaneti hupatikana kwa simu inayogawa waifai. Mambo ni yale yale. Simu ipangwe itangaze kwa gigahezi 2.4 na kwa WPA2. Katika iPhone 12 na za baada yake ipo swichi ya kuongeza upatanifu ndani ya ukurasa wa kugawa mtandao, nayo huishusha kwenye 2.4. Katika simu nyengine nyingi masafa huchaguliwa katika ukurasa huo huo. Ukiijaribu kompyuta kwa simu yako kabla ya kuifunga katika boksi, utamwondolea anayeipokea gharama ya fundi. Na kabla haijaondoka mikononi mwako, hakikisha kuwa barua na picha za familia zimefutwa kabisa katika diski, si kutupwa katika kapu la taka tu. Namna ya kuifuta diski tutaieleza mwezi ujao, in shaa Allah.

Wahenga walitukataza kuuacha mbachao kwa msala upitao, na hawakutuambia tuubomoe msikiti ili mbachao uenee. Chombo cha zamani kina heshima yake, na mara nyingi bado kina kazi. Kitafutiwe njia inayokifaa, kwa waya, kwa kadi ya nje au kwa sebule ya wageni, na kufuli la nyumba libaki mahali pake. Mwenye swali zaidi atuandikie, akitaja aina ya kompyuta, mwaka wake na jina la kadi.